Nilikataza Kugonga Mawe

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na sioni haya kulisema, maana wengi waliofika chuo kikuu leo wananipigia simu kuomba kazi. Depo yangu iko Zone Industrielle, hapa Bujumbura, nyuma ya maghala ya saruji. Ndani kuna matangi ya zege, safu kwa safu, na ndani ya matangi kuna samaki hai. Samaki wangu hawaliwi. Ni wadogo, wengine kama kidole, wana mistari na rangi, na watu wa Ulaya na Japani wanawaweka kwenye vioo sebuleni wapate kuwaangalia. Wanatoka ziwa letu hili la Tanganyika, kwingine duniani hawapo. Nilianza kazi na maski ya kuzamia ya kuazima iliyopasuka pembeni, nikaiziba kwa mpira wa tairi. Leo nina boti ya mbao yenye moteri mbili, nina kompresa ya kupeleka hewa chini ya maji, nina gari, na nina nyumba ya ghorofa Gihosha. Ukisimama barazani kwangu unaliona ziwa lote mpaka milima ya Congo.

Kwa miaka mingi nilikuwa nasema hakuna mtu aliyenishika mkono. Nimelisema kwenye harusi, nimelisema kwenye baa. Na kila nilipolisema, yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa amekaa pale pale anacheka chini chini. Alijua kuna mkono mmoja ulionishika, nao ulikuwa wake. Hakuwahi kunikatiza mbele ya watu.

Habari ninazoandika ni zake, yeye na nyoka aliyemuua, na za mtu wa tatu ambaye nusura apotee kwa sababu ya kimya changu.

Watu wa mjini ukiwaambia ziwani kuna nyoka wanafikiri unatisha watoto wasiende kuogelea. Ufuo wa Bujumbura ni mchanga na tope, na huyu nyoka mchanga hautaki. Yeye anataka mawe makubwa yaliyopandana, yenye vyumba ndani. Mawe ya namna hiyo yako kusini, na zaidi yako kwenye visiwa vidogo vya upande wa Congo, mbali, safari ya siku nzima na zaidi kwa moteri. Visiwa vyenyewe ni vichwa vya mawe vilivyochomoza majini, nyasi kidogo juu, nyumba chache, mbuzi wachache. Nyoka ndio wenyeji. Ni jamii ya swila, lakini swila wa maji: mwili wa kahawia unaong'aa kama mbao iliyopakwa vanishi, mrefu kupita mtu, na shingoni amevaa pete nyeusi mbili tatu. Anakula samaki. Mtu hana haja naye. Anazama chini kuliko mimi na anakaa chini muda mrefu kuliko mimi, na mimi kwa pumzi nilikuwa nasifiwa kuanzia Uvira mpaka Rumonge.

Mara ya kwanza kumwona nilikuwa kijana. Tulikuwa tumetoka Congo na vita mgongoni, mimi na yaya, na yaya ndiye aliyepata kazi ya kuzamia samaki kwa mzungu mmoja mzee. Mzungu alipoondoka tukaendelea wenyewe. Siku hiyo yaya aliniteremsha kwenye mawe, nikataka kuingiza mkono kwenye ufa. Akanishika kiwiko. Akaokota jiwe, akaligonga kwenye jiwe lingine mara tatu: ko, ko, ko. Akangoja. Kwenye ule ufa kikatoka kichwa, halafu shingo yenye pete, halafu mwili ambao nilifikiri hautaisha. Nyoka alitupita karibu na magoti, hana haraka, kama mzee anayetoka nje kuona nani kaja, akapanda juu kuvuta hewa.

Tulipotoka majini meno yangu yalikuwa yanagongana.

"Umeona?" yaya akaniambia. "Mawe ni nyumba ya mutu. We unaingia nyumba ya mutu bila kupiga hodi?"

"Na asipotoka?"

"Basi hayuko. Karibu ndani."

Tangu siku hiyo kila aliyezamia kwetu aligonga. Ndiyo ilikuwa kazi yetu, unagonga mara tatu, unangoja, unaingiza mkono. Jiwe likigongwa chini unalisikia hata ukiwa juu kwenye boti, sauti inapanda kwenye mbao na kukuingia miguuni. Nilikuwa nikikaa juu nikiisikia, najua yaya yuko salama, naendelea na mambo yangu.

Kisha nikawa mkubwa. Komandi, yaani oda za wateja wa Ulaya, zikaongezeka. Na kugonga kuna ubaya wake: nyoka anatoka, ndiyo, lakini samaki nao wanakimbilia ndani kabisa ya mawe, na kuwangoja watoke tena ni nusu saa, wakati mwingine zaidi. Ndege haingoji. Samaki wanafungwa kwenye mifuko ya maji na hewa, wana saa zao za kuishi, na ukichelewa ndege umepeleka maiti. Mimi nikafanya hesabu yangu ya mtu wa darasa la nne. Miaka yote hiyo hakuna aliyeumwa. Nyoka mwenyewe ni mpole. Nikawakusanya wazamiaji depo, nikawaambia kuanzia leo hakuna kugonga.

Yaya alikuwa amekaa juu ya bidoni la mafuta lililopinduliwa. Akaniangalia.

"Hakuna kugonga?"

"Hakuna. Tunapoteza siku nzima kwa ajili ya nyoka ambaye hata hatumuoni."

"Hatumuoni kwa sababu tunagonga."

Wengine wakacheka. Mimi sikupenda kuchekwa ndani ya depo yangu. Nikamwambia, "Yaya, nyumbani we ni mkubwa wangu. Hapa kuna mkubwa mmoja."

Akainuka kwenye bidoni. Halafu akasema, "Sawa, patroni."

Alikuwa hajawahi kuniita patroni. Wengine wote waliniita hivyo, nami nilipenda. Kutoka kwake neno lilikuwa na ladha nyingine, lakini nililimeza.

Mtu wa tatu ni yule mzamiaji tuliyemwita mutu wa kisiwa, kwa kuwa alizaliwa kwenye mojawapo ya vile visiwa. Alikuwa mwembamba, maneno machache, anakaa chumba cha kupanga Nyakabiga, milango miwili kutoka kwa yaya, na mke na watoto wake. Huyu nyoka alikuwa hamwogopi hata kidogo. Alitusimulia kwamba kwao wanawake wakiosha sufuria kwenye mawe na nyoka akapanda kuota jua, wanasogea, wanampa nafasi, wanaendelea na maongezi. Siku moja nyoka aliingia kwenye boti yetu kwa kamba ya nanga. Sisi wote tulirukia majini, mimi wa kwanza, na hilo najua wanalisimulia mpaka leo. Mutu wa kisiwa alimchukua kwa kasia, taratibu, akamrudisha ziwani huku akimwambia, "Nenda nyumbani, mzee, hapa utapewa kazi." Tulicheka wiki nzima.

Kicheko hicho baadaye kilitaka kumwua.

Mwaka uliopita ilikuja komandi ya samaki wa aina moja, mwenye taji la njano, ambaye anapatikana kwenye kisiwa kimoja tu. Mafuta yalikuwa yamepotea mjini, watu wanalala kwenye foleni na magari yao, mimi nikayapata, usiniulize vipi. Kwa kuwa safari ilikuwa ngumu, nikaenda mwenyewe. Tulikuwa watatu: yaya wa kuzamia, mutu wa kisiwa wa kuangalia kompresa na mpira wa hewa, na mimi wa kupokea samaki na kuwafunga.

Tulilala kisiwani, asubuhi tukaanza kazi, ziwa limetulia kama mafuta. Yaya akashuka. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo, miguu kwenye mbao, na chini hakukuwa na sauti yoyote. Alikuwa anafuata amri yangu.

Alipanda na kikapu cha kwanza, kizuri, kimejaa. Akanipa, halafu akatazama mkono wake wa kulia.

"Kuna kitu kimenichoma."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kambale mdogo, nafikiri. Unajua miiba yao."

Wazamiaji wote wanachomwa na miiba ya kambale. Ni aibu hata kulisema, ni kama mpishi kulalamika moshi. Lakini mutu wa kisiwa aliacha kompresa, akashika ule mkono, akaufuta maji. Karibu na kidole gumba kulikuwa na vitobo viwili vidogo, damu kidogo sana.

"Yaya," akasema, "hii apana samaki. Hii ni nyoka."

"Sijaona nyoka," yaya akasema.

"Yeye amekuona."

Mimi nikaingilia. Nimeona watu walioumwa na kifutu shambani, kule kwetu. Wanapiga kelele, mguu unavimba kama mtungi. Nikauliza, "Mkono unauma?"

"Unawasha kidogo."

"Umevimba?"

"Haujavimba."

"Basi nyoka gani huyo? Nyoka wa kuwasha?"

Mutu wa kisiwa akasema, bila kupandisha sauti, "Patroni, wa maji si kama wa shamba. Wa maji haumizi. Wa maji anakulaza. Tuondoke sasa hivi."

"Kwenu kila kitu ni nyoka," nikamwambia. "Mkikosa chumvi ni nyoka."

Alichana shati lake, akafunga mkono wa yaya juu ya kiwiko. Yaya akaniangalia mimi. Nilipaswa kusema neno moja tu. Mimi nikatazama jua limefika wapi.

Yaya akafungua kile kitambaa. "Nitashikaje wavu na mkono umefungwa?" Akavaa maski, akarudi chini.

Hakukaa sana. Alipopanda alishika ukingo wa boti, akashindwa kujivuta, tukamvuta sisi.

"Naona boti mbili," akasema. Ulimi ulikuwa mzito.

"Vizuri," nikasema, "nimekuwa tajiri zaidi."

Alicheka, au alitaka kucheka. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu, kama mtu aliyekesha. Hapo nilifanya kosa la pili, nalo ni kosa la watu wa kazi yetu. Kompresa inatumia mafuta, na moshi wake ukiingia kwenye mpira wa hewa, mtu wa chini anapanda akiwa mlevi, macho mazito, ulimi mzito. Tumeona mara nyingi. Dawa yake ni kumlaza kwenye upepo, baada ya muda anakaa, anatapika, anaomba chai. Nikasema ni moshi. Nikamgombeza mutu wa kisiwa kwamba ameweka kompresa upande mbaya wa upepo. Tukamlaza yaya mbele ya boti, nikamfunika uso kwa kofia yangu.

Akalala, au mimi niliona amelala. Nami, kwa hasira ya siku inayopotea, nikaanza kusema peke yangu, kwa sauti. Nilisema: siku ya komandi kubwa ndiyo siku anayolala. Nilisema: nimembeba miaka yote hii, bila mimi angekuwa bado anauza ndagala kwenye sahani. Nilisema hivyo mita mbili kutoka kichwani kwake.

Mutu wa kisiwa alikuwa amepiga magoti, ameweka sikio kifuani kwa yaya. Akasema, "Patroni, nyamaza. Washa moteri."

Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuniambia ninyamaze. Nikageuka nimjibu, na hapo nikaona mate yanatoka pembeni mwa mdomo wa yaya, na kifua kinapanda kidogo sana, kama cha samaki aliyesahauliwa kwenye ndoo. Nikawasha moteri.

Zahanati ya karibu ilikuwa bara, upande wa Congo. Mutu wa kisiwa njia yote alikuwa anampulizia hewa mdomoni, pumzi moja, nyingine, nyingine, midomo yake ikapasuka. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kupuliza na mimi sikujua. Tulipofika mchana watu wa ufukweni walitusaidia kumbeba. Muuguzi alimgusa shingo, akamfungua jicho, akatikisa kichwa. Akaangalia mkono, akaona vitobo. Hakuuliza hata ni nini.

"Dawa yake hapa hatuna," alisema. "Na mngefika mapema ningewaambia mwendelee kumpulizia tu, hakuna lingine."

Nikamwuliza kama aliteseka. Nilitaka aniambie hapana. Yeye, mtu wa kweli, akajibu kwamba sumu ya nyoka huyu inafunga macho, inafunga ulimi, mwisho inafunga kifua, lakini kichwa inakiacha wazi. "Hao wanasikia kila kitu, baba. Mpaka mwisho wanasikia."

Maneno yale niliyoyasema mbele ya boti sikuyasema msibani. Sikumwambia mke wangu, sikumwambia padri. Ndiyo leo nayaandika hapa.

Tulimleta Bujumbura, tukamzika. Msiba uliwekwa kwake Nyakabiga, tukafunga hema kuanzia ukuta mpaka ukuta, viti vya plastiki mpaka njiani. Mimi ndiye niliyesimamia kila kitu, jeneza, hema, chakula, kwaya, na kila aliyeingia aliambiwa, yote haya ni mdogo wake. Watu walinishika mikono miwili. Nitasema ukweli: katikati ya uchungu ule nilikuwa nasikia raha ya kusifiwa. Mtu aliyetoka chini kama mimi sifa anazisikia hata akiwa analia.

Kwetu sisi watu wa ng'ambo ya ziwa, mtu akifa, mmoja wa familia anasimama mbele ya watu wote na kusimulia kifo chenyewe. Anaanza asubuhi marehemu alipoamka, alikula nini, alisema nini, nani alikuwa karibu, mpaka pumzi ya mwisho. Watu wanasikiliza wamenyamaza kabisa. Kifo kisichosimuliwa vizuri watu wanakisimulia wenyewe. Siku ya kuzika mimi ndiye niliyesimama, na nilisimulia hivi: alikuwa kazini, nyoka akamwuma, tukakimbia naye, Mungu akampenda. Nikakaa.

Kaka wa shemeji, yaani kaka wa mjane wa yaya, ni fundi wa magari, mtu wa sauti. Jioni alinifuata kwenye kiti.

"Shemeji, ulisimulia haraka."

"Nina uchungu."

"Sote tuna uchungu. Nani alisema wa kwanza kwamba ni nyoka?"

"Yule wa kisiwa."

"Mkono ulikuwa umevimba?"

"Haujavimba."

"Marehemu alimwona nyoka?"

"Hakumwona."

"Na we hukumwona." Akanisogelea. "Sasa yeye alijuaje?"

Nilijua jibu. Alijua kwa sababu amezaliwa pale, kama mimi ninavyojua moteri mbovu kwa kuisikia. Nilikaa kimya, na kimya changu kikatembea chini ya lile hema kuliko neno. Kesho yake tayari ilikuwa habari kamili: mutu wa kisiwa anaongea na nyoka, walimwona akimbeba kwa kasia na kumwita mzee, alimfunga marehemu kitambaa mkononi, alimpulizia kitu mdomoni. Kile kitambaa cha shati lake, na zile pumzi zilizompasua midomo, ambavyo yeye mwenyewe hakuvificha, vyote viligeuka ushahidi. Walisema nyoka alitumwa.

Yeye alikuja msibani kila siku. Alikaa nyuma, karibu na ukuta, na viti vya pande zote mbili zake vilikaa vitupu. Mke wake alipokwenda bombani wanawake waliondoa ndoo zao. Siku ya pili mtu alirusha jiwe juu ya bati lao. Na mnajua ilivyo ziwani: mtu akiitwa mtuma nyoka Nyakabiga, kesho anaitwa hivyo Rumonge, keshokutwa Uvira, hakuna boti itakayompokea. Fundi na wenzake walikuwa wameshapanga. Msiba ukivunjwa tu, wanamtoa kwenye kile chumba, yeye na watoto, na walivyokuwa wanasema "kumtoa" sikupenda.

Asubuhi ya siku ya mwisho alinifuata nikiwa kwenye gari.

"Patroni."

"Sema."

"Mi sikuombi kitu. Nataka kujua tu. Leo watamaliza msiba, na mke wangu anauliza kama afunge vyombo."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mambo yatatulia."

Alikuwa na vidonda midomoni bado. "Sawa," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ushujaa. Mimi napenda kusimulia ushujaa wangu, nao upo, ungepaswa kuniona wakati ule askari walipotaka kuchukua boti yangu. Lakini siku ile ushujaa sikuwa nao. Nilisimama kwa sababu padri alikuwa amemaliza kuomba, na fundi alikuwa ameanza kunyanyuka, na nikaona vijana watatu wananyanyuka naye.

Nikasema, "Kaeni. Sijamaliza kusimulia."

Fundi akasema, "Ulishasimulia, shemeji."

"Nilisimulia vibaya. Kaeni."

Wakakaa. Nikaanza upya, asubuhi, kama inavyotakiwa. Nikasema yaya alikunywa chai na mkate, akamtania mutu wa kisiwa kuhusu soksi zake. Nikasimulia habari ya kugonga mawe, kwa wale wasioijua: kwamba ndiyo hodi yetu, kwamba yaya ndiye aliyenifundisha, kwamba wazamiaji wote wa kwangu waligonga miaka yote na hakuna aliyeumwa. Nikasema, "Mwaka huu niliwakataza. Mimi. Kwa ajili ya haraka. Yaya alinikatalia, nikamwambia mkubwa ni mmoja. Akatii." Nikasema mutu wa kisiwa aliuona mkono, akasema ni nyoka, akasema tuondoke, na mimi nilicheka. Nikasema kile kitambaa kilikuwa shati lake, na kile alichompulizia marehemu kilikuwa hewa yake mwenyewe, saa nzima na zaidi, wakati mimi ndugu wa damu sikujua hata pa kuanzia. "Mnauliza nani alimtuma nyoka. Nyoka alikuwa nyumbani kwake. Aliyetumwa ni yaya, na aliyemtuma ni mimi."

Mtoto mmoja alikuwa anaburuta kiti, mama yake akamzuia.

Fundi alisema taratibu, "Siku tatu unakaa hapa, tunakupa pole."

"Ndiyo."

"Siku tatu tunamtukana yule."

"Ndiyo."

Alitaka kusema zaidi lakini dada yake, shemeji yangu, alikuwa amesimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka tangu siku ya kwanza, hasemi na mtu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikukatalia, ukamwambia nini?"

Nikarudia. "Nilimwambia, hapa kuna mkubwa mmoja."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakitafuta akakuta ni kizito. Chakula kilikuwa tayari, wanawake wamesimama na mabeseni. Shemeji alichukua beseni na jagi kutoka kwa mmoja wao. Mjane haoshi watu mikono, yeye ndiye anayehudumiwa, na wanawake wakataka kumnyang'anya, akawakataa. Akapita katikati ya viti vyote, mpaka nyuma, ukutani. Akainama mbele ya mutu wa kisiwa, akammiminia maji.

"Nawa, baba," akamwambia. "Nisamehe."

Mutu wa kisiwa alinawa. Alisugua mpaka viwiko, maji mengi yakaenda chini. Halafu mtu mmoja akahamia kiti cha kando yake, na mwingine, na fundi mwenyewe akaenda, akasimama mbele yake, akaketi. Shemeji akaendelea kuzunguka, mstari kwa mstari, anamimina. Alifika kwangu. Nilikuwa tayari nimekunja mikono ya shati. Akanipita, akamwosha aliyekaa baada yangu.

Hakuna aliyenifukuza. Niliachwa kwenye kiti changu cha mbele, na sahani ikaletwa, na sikuigusa.

Mutu wa kisiwa hakurudi kazini kwangu. Nilimwahidi ukubwa wa wazamiaji wote, akaniambia, "Patroni, mi sina hasira nawe. Lakini siwezi kushuka na mpira wa hewa na we uko juu." Siku hizi anazamia na watu wengine, huko kusini, na watu wanampokea. Mke wake bado yuko Nyakabiga, anasaidiana na shemeji kuuza unga.

Mimi naendelea. Depo ipo, samaki wapo, na bado nitakwambia kwenye baa nilianza na maski iliyopasuka, kwa sababu ni kweli. Ila ile ya kwamba hakuna aliyenishika mkono nimeiacha. Jumapili nashuka kutoka Gihosha, napita kwa shemeji. Watoto wa yaya wananikimbilia, wananiita baba mdogo, labda hawajaambiwa, au wameambiwa wakanisamehe. Napewa kiti. Tunaongea habari za shule, za mafuta, za mvua. Chakula kikiiva shemeji anamwita mmoja wa watoto alete maji, anamimina yeye mwenyewe, na watoto wote wananawa, na wageni kama wapo wananawa, na mimi naaga kabla halijanifikia beseni, ili asilazimike kunipita tena.